Kivuli cha Mutea

Tangazo rasmi: mimi, Bile, mwanafunzi wa kidato cha tatu na mkazi wa bweni lenye kunguni wengi kuliko vitanda, ndiye niliyewaokoa abiria wote wa lori la Merti. Kwa ushujaa huo nilipewa ini la mbuzi, mbele ya watu wazima. Sikulimaliza.

Ilikuwa likizo ya Desemba. Adeer Abdiladif, ndugu mdogo wa baba na mwenye lori, alileta projekta kutoka Isiolo, na baada ya sala ya isha uwanja wa mpira ukajaa magari. Pickup zilitoka Korbesa na Biliqo zimebeba watu hadi juu, zikajipanga nusu duara kama ngamia kisimani. Shuka nyeupe zilizoshonwa pamoja zilifungwa kwenye goli. Watoto walilala juu ya boneti zilizokuwa bado na joto la safari. Chai ya maziwa ilipitishwa gari hadi gari.

Sheria ilikuwa moja, na Adeer aliitangaza kwa kipaza sauti: "Taa zizimwe! Atakayewasha taa ataenda nyumbani na gari lake."

Kwa mtu kama mimi, huo ulikuwa mwaliko.

Nilikuwa nimewekwa nyuma ya goli, ndani ya pickup ya Adeer, nilinde jenereta. Kutoka huko filamu ilionekana imegeuka, kila bunduki ikishikwa kwa mkono wa kushoto. Ndipo nikamwona Mutea, dereva wa lori, mtu aliyenifundisha kushika usukani. Alisimama nyuma ya shuka, uso wake karibu uguse kitambaa. Farasi akikimbia kulia, kichwa cha Mutea kinakwenda kulia. Akirudi, kinarudi. Mkono wake ulikuwa unapapasa picha.

Nilicheka peke yangu. Nikangoja uso wa farasi ujaze shuka yote, kisha nikawasha taa.

Kivuli cha Mutea kikatokea mbele ya uwanja mzima, cheusi, kamili, pua yake kwenye pua ya farasi. Watu wakaangua kicheko. "Mutea amepata mchumba!" mmoja akapaza sauti. "Usimwache bila mahari!" mwingine akajibu. Nurto, mke wa Adeer, alimwaga chai akicheka.

Adeer alicheka pia. Kisha akaitazama ile pua iliyokuwa karibu kugusa shuka. Akaja nyuma ya goli polepole, dada yangu Ikra akimfuata, akasimama hatua chache kutoka kwa Mutea. Taa zangu zilikuwa bado zinawaka.

"Mutea. Huyu niliye naye ni nani?"

Mutea alikunja uso. "Ni Bile," akasema. Kisha, kwa sauti ya chini, "Si ni Bile?"

Ikra alikuwa amevaa hijabu ya manjano.

Hapo ndipo maswali ya Mutea ya barabarani yaliponirudia. "Mtu wa shule, ile mbele ni ngamia ama ni kichaka?" Nilidhani ananipa mtihani. Nilikuwa najibu kwa majivuno.

Filamu haikuendelea. Asubuhi Adeer aliniita nyumbani kwake, nami nikaenda nimevaa suruali mbili, tayari kwa kiboko. Nikakuta mbuzi amechinjwa, majirani wameketi, Ikra kati yao.

"Bile," akasema, "ulikuwa umejua kwamba haoni?"

Wote waliniangalia kama watu wanaongoja kushukuru.

"Nilijua," nikasema.

Nurto akaniwekea ini. Mzee mmoja akaniombea dua. Nilikuwa natafuna bado Mutea alipoingia, ameshika ufunguo wa lori, uliomlisha tangu kabla sijazaliwa. Aliambiwa akae ale. Hakukaa.

"Wanasema ulijua macho yangu yameisha."

"Ndiyo, Mzee."

"Tangu lini?"

"Tangu... Agosti."

"Agosti nilikupeleka shule. Ulikaa mbele na mimi, dada yako Ikra amekuegemea. Nilipokuuliza ile mbele ni nini, uliniambia nikuache ulale." Hakupandisha sauti. "Mtu anayejua dereva haoni, analala?"

Hakuna aliyecheka. Hata Ikra aliangalia mkeka.

"Sikujua," nikasema. Ini lilikuwa bado shavuni. "Nilitaka tu watu wacheke."

Adeer aliweka kisu chini. Mutea aliinama, akatafuta ukingo wa sinia kwa vidole, akauweka ufunguo kando ya nyama.

"Walicheka," akasema.