Nyama Ikiiva, Nitaondoka

Nilirudi kutoka zamu ya usiku macho yakiniwasha kwa sabuni. Kazi yangu ni kufua mashuka ya hospitali, na mtu aliyekesha akivuta mashuka mabichi kutoka kwenye mashine hana hamu ya kupika. Siku hiyo ilibidi. Wifi yangu alikuwa anakuja mchana kumchukua baba mkwe akaishi kwake, na mzee alikuwa ameomba kitu kimoja tu: bega la nguruwe la kuoka polepole, kama la marehemu mama mkwe, linalochambuka nyuzinyuzi kwa uma. Meno yamemkimbia. Nyama nyingine anaiangalia tu.

"Nyama ikiiva, nitaondoka," aliahidi. "Siwezi kusafiri na njaa kama mtoro."

Mimi ndiye niliyempigia wifi simu. Maji yalikuwa yamenifika shingoni. Mume wangu ni dereva wa lori, nyumbani kwake anapita kama mgeni. Baba mkwe alikuwa fundi umeme, majirani wanamwita Bwana Swichi, na tangu astaafu kazi yake ni kuzunguka nyumba na fimbo akizima. Anazima taa nikiwa bafuni na povu kichwani. Anazima pasi nikigeuka kuchukua shati. Friji aliizima mpaka samaki wakaoza, na nilipolalamika akanijibu lile lile la siku zote: "Umeme hauachwi peke yake, mwanangu." Zamani aliona nyumba ya mteja wake ikiteketea, basi utamwambia nini?

Nikalipaka bega chumvi, sukari, kitunguu saumu na pilipili ya unga. Nikalilaza juu ya vitunguu kwenye sufuria pana, nikanyunyiza siki, nikafunika kwa foili na kulisukuma ndani ya oveni kwa moto mdogo. Nyama hii haitaki ubabe. Ukiiharakisha inakuwa soli ya kiatu. Mvumilivu hula mbivu, wanasema, ila hawasemi mvumilivu huyo analala saa ngapi. Nikajitupa kitandani na nguo za kazi.

Niliamshwa na honi ya gari la wifi. Jikoni hakukuwa na harufu yoyote. Nilishika mlango wa oveni, baridi. Nilichoma nyama, uma ukadunda.

"Baba! Umezima oveni?"

Alitokea mlangoni amevaa koti la safari. Aliitazama swichi ya ukutani kwa muda.

"Nimezima?" Hakuwa anadanganya. "Nilipita nikaona taa nyekundu inawaka, na hakuna mtu..."

Nilitaka kulia. Kilichotoka kikawa kicheko, kile cha mtu aliyechoka mpaka akachoka kuchoka.

Wifi alikuwa amesimama nyuma yake na funguo mkononi. "Ndiyo maana nimekuja, wifi yangu. Umebeba vya kutosha. Baba, twende, nitakununulia chakula njiani."

"Neno ni neno," alisema mzee. "Nyama ikiiva."

Wifi akashusha pumzi. Yeye ni mwalimu. "Sawa, nasubiri. Lakini mnajua macho yangu hayaendeshi gari gizani, na kesho nina darasa. Tusipoondoka leo na jua, basi mpaka shule zifunge."

Nikawasha upya. Mzee akavuta kigoda, akakaa mbele ya oveni, fimbo katikati ya magoti. "Nitailinda mimi," alisema. "Wewe kalale."

Sikuwa na nguvu ya kufika kitandani. Nilikaa sakafuni kando yake, mgongo kwenye kabati.

"Mama yenu alikuwa akinifukuza humu kwa mwiko," alisema. Baadaye, kwa sauti ya chini: "Kule kwa mwanangu swichi sizijui ziko wapi. Nitaanza kupapasa kama kipofu."

Usingizi ulinibeba hapo hapo.

Nilipozinduka, koti lake la safari lilikuwa mabegani mwangu na nyumba nzima inanukia. Yeye alikuwa pale pale, shati limemkaa kama la mtu mwingine, anaikodolea macho ile taa nyekundu. Hakuwa ameigusa swichi.

"Wifi!" sauti iliita kutoka sebuleni. "Vipi huko? Jua bado lipo, tunawahi!"

Nilifunua foili. Uma uliingia mpaka katikati, ukagoma. Ilibaki kidogo tu. Nilikuwa nimechoka kuanzia unyweleni hadi unyayoni, na nilijua kesho nitachoka tena, na keshokutwa nitaoga gizani. Nilikuwa nimeisubiri siku hii kama mshahara. Sasa ilikuwa imefika, na sikuitaka.

Nikainuka, nikanyoosha mkono juu ya kichwa chake, nikazima.

Mzee aliitazama taa iliyokufa, kisha akanitazama mimi.

"Nyama bado, mwanangu."

"Umeme hauachwi peke yake, baba," nilisema.

Midomo ilimcheza kidogo. Halafu akageukia mlango wa sebuleni na kupaza sauti, ile ya fundi aliyeko juu ya ngazi:

"Nenda tu, mwanangu, giza lisikukute njiani! Huku nyama bado!"