Mwanga Uliozidi

Saa nne asubuhi Mutindi alikuwa peke yake katika kituo cha mtandao cha Sultan Hamud, akitazama makosa yakiongezeka kwenye laini ya faiba, uzi wa kioo unaobeba mawasiliano kwa mwanga, inayoenda Kitui. Bosi wake, Gikonyo, akapiga simu kutoka Nairobi.

"Ongeza nguvu ya mwanga."

"Bosi, si tuliongeza jana tulipounganisha wateja wapya? Nafikiri tumezidisha."

"Wewe ongeza tu."

Akaongeza. Makosa yakapungua kwa dakika mbili, kisha yakarudi maradufu. Ndani ya uzi ule mwembamba kama unywele zilipita rangi arobaini za mwanga, kila moja na ujumbe wake. Mwanga ukizidi, kioo chenyewe hubadilika tabia na rangi huanza kuvurugana. Onyo lilitokea kwenye rangi ya kumi na mbili. Kisha ya kumi na moja. Kisha ya kumi na tatu. Lilikuwa linatambaa.

Simu ikalia tena. Ni Kalondu, mkunga wa zahanati ya Kambu.

"Dada Mutindi, daktari wa Kitui amepotea kwenye video! Nina mama anavuja damu, mtoto hajatoka. Naona vipande vipande tu!"

"Mpigie kwa simu."

"Simu za Kitui hazishiki hata moja!"

Mutindi alimpigia Gikonyo. "Niruhusu nipunguze."

"Laini ikifa mikononi mwako, usirudi kazini."

Mutindi alikata simu. Akapunguza kidogo. Hakuna kitu. Akapunguza tena, na onyo jipya likatokea. Alipopunguza mara ya tatu, maonyo yalianza kuzimika, moja baada ya jingine, mpaka skrini ikatulia.

Kalondu alipiga saa sita.

"Mama yuko sawa. Mtoto hapana. Daktari alirudi tukiwa tumechelewa."

Siku hiyo Mutindi aliandika ripoti: nguvu ilizidi, na aliyeamuru ni nani. Akaituma Nairobi. Jumatatu, Mutindi alikuta kufuli jipya mlangoni pa kituo. Akiwa bado amesimama pale, Mutunga, fundi wa upande wa Kitui, akampigia.

"Mutindi, nguvu imepanda tena, zaidi ya ile ya juzi. Ni wewe?"

"Siyo mimi."

Akakata, akampigia Kalondu.

"Nisikilize. Mama yeyote akianza uchungu, usingoje video. Tafuta gari."

"Kwa nini? Leo daktari anaonekana vizuri kabisa."

"Hata siku ile laini ilitulia kwanza. Tafuta gari, Kalondu."