Kilichonusa Hema

Thérèse, fundi cherehani wa mtaa wa Bertrams, hakuwa mwanamke wa kuogopa ovyo. Alipokubali kwenda na akina mama wa kanisa kufunga na kuomba siku tatu kwenye kilima kimoja kusini mwa Johannesburg, aliyehangaika ni binti yake, Chloé. Msichana alitafuta kwenye simu namna ya kulala salama hemani, na kwa kuwa simu ilimletea maonyo ya nchi zenye dubu, akamsomea mama yake hayo hayo: chakula kisiingie hemani, hata dawa ya meno, mnyama akija usikimbie, usimtupie chakula, piga kelele. Thérèse alicheka, akamuuliza huyo dubu atapanda teksi gani kufika huku.

Lambert, mlinzi wa kilima, mtu wa Uvira, yeye hakucheka. Aliwapokea getini akawapa maonyo yale yale, ila mnyama wake alikuwa fisi.

"Si yule wa kwetu anayecheka," alisema. "Huyu ana manyoya marefu, na hana sauti. Mtajua yupo akishafika."

Akataka chakula chote kifungiwe kwenye sanduku lake la chuma. Mama Joséline, kiongozi wao, akamjibu kwamba wamekuja kufunga, hawana ila maji. Gaudence, Mrundi anayesuka nywele mtaa wa Bellevue, ambaye angelala hema moja na Thérèse, aliinamisha macho. Thérèse alimwona, wala hakumuuliza.

Usiku wa kwanza ulipita salama. Wa pili, kabla ya mapambazuko, Thérèse aliamshwa na ukimya. Mbwa wa mitaa ya bondeni, waliokuwa wakibweka tangu jioni, walikuwa wamenyamaza wote kwa pamoja. Akasikia majani yakikanyagwa, taratibu, kisha yakatulia.

Kitambaa cha hema kikabonyea kwa ndani, karibu na miguu ya Gaudence, mbonyeo wa ukubwa wa ngumi. Ukaanza kusogea ukutani polepole, kama kidole kinachotafuta mshono. Thérèse alikijua kitambaa kile. Wembe wake wa kufumulia mishono ungekipasua kwa mpigo mmoja. Harufu ya uvundo ikaingia. Gaudence alikuwa macho, akilitazama begi lake kando ya ukuta.

"Kuna nini kwenye begi?" Thérèse alinong'ona.

"Ndagala, dagaa wa kwetu. Na mkate." Kisha, kwa sauti ya kufifia, "Nina ugonjwa wa sukari, Mama Chloé. Nikifunga naanguka. Niliona haya kusema."

Mbonyeo ulifika lilipokuwa begi, ukasimama. Meno yalisikika kwenye kitambaa, na uzi mmoja ukakatika. Gaudence akalikwapua begi, akaishika zipu ya mlango alitupe nje. Thérèse akamkamata mkono. Mnyama akishakula hapa, alimwambia, ataenda kutafuta kwenye mahema ya wenzetu. Akaliweka begi katikati yao, akachukua kijiko na sufuria ya maji, akaanza kugonga.

Kutoka hema la pili Mama Joséline aliuliza kama ni pepo, wamkemee.

"Ni fisi," Thérèse alisema kwa sauti kubwa. "Msifungue zipu. Gongeni chochote mlicho nacho."

Wakagonga, wakaimba, kilima kizima kikarindima. Mbonyeo ukatoweka, kitambaa kikanyooka. Lakini walipopumzika kusikiliza, hakuna aliyesikia hatua za kuondoka. Thérèse alijilaza, kichwa karibu na ukuta wa hema, sufuria kifuani, akingoja mwanga. Mara moja alidhani anasikia pumzi. Akajiambia ni za Gaudence.

Lambert alikuja kulipopambazuka. Majani yote yalikuwa meupe kwa jalidi, umande ulioganda usiku, na nyayo zilikuwa zimelizunguka hema mara nyingi hata zikaacha njia. Mahali pamoja tu hapakuwa na jalidi: upande alipolaza kichwa Thérèse, majani yalikuwa yamelala, alama nyeusi yenye urefu wa mtu. Lambert akapagusa kwa kiganja.

"Hakuondoka," alisema. "Pana joto bado. Ameinuka aliponisikia nikija."

Kati ya kichwa cha Thérèse na mahali pale palikuwa na kitambaa tu. Nyayo za mwisho zilishuka kuelekea kwenye nyumba za bondeni, ambako mbwa walikuwa bado kimya.

Gaudence aliwaeleza wenzake mwenyewe, amesimama, bila kulia. Mama Joséline hakumkemea. Alimega mkate kwa mikono yake, akamkalisha chini na kumsimamia mpaka akaumaliza, kisha akasema mfungo umeisha na wafungashe.

Jioni ile, Bertrams, Thérèse alikivuta kitanda chake mpaka katikati ya chumba, mbali na ukuta. Chloé alipomuuliza sababu, alisema ukuta una unyevu.