Kipande cha Shalom

Kasonia, mkulima wa kakao wa Beni, alimpeleka binti yake Butembo akiwa hawezi tena kutembea wima. Shalom, mtoto wa miaka saba, alikuwa akiyumba kama mlevi na kutapika kila asubuhi. Hospitalini walimpasua kichwa, wakatoa uvimbe kwenye ubongo, na mtoto akaamka akiomba bugali.

Docteur Ananie, aliyempasua, alimwita Kasonia pembeni.

"Papa Shalom, ile uvimbe tunaomba tuichunge hapa, tuiweke. Tunakusanya za batoto wenye ugonjwa huu, tuichunguze, siku moja dawa ipatikane."

Wakati wa Ebola mama yake Kasonia alifia katika kituo cha matibabu. Alirudishwa katika mfuko uliofungwa, akazikwa bila mwanawe kumwona. Mjini watu walisema maiti zinakatwa vipande na kuuzwa. Kasonia hakuwahi kuamini kabisa, wala hakuwahi kuacha kuamini.

"Mama yangu balimuzika mu mufuko, Docteur. Mutoto yangu, hapana. Mutanipa yote."

Adèle, mkewe, alimvuta shati. "Baba Shalom, si tuwaachie tu?"

Hakumsikiliza. Daktari naye alikuwa na wagonjwa wanaomngoja, tena alikumbuka vituo vya Ebola vilivyopigwa mawe miaka ile. Hakubishana. Kasonia akarudi Beni na kichupa chenye ule uvimbe kifuani. Shambani alikifungua, akakiviringisha kile kipande katika kitambaa cheupe, maana mtu hazikwi ndani ya chupa. Akakifukia, akasali, akalala usingizi mzuri.

Shalom alirudi shuleni. Mwaka uliofuata akaanza tena kuyumba, wakamrudisha Butembo.

"Imerudi," Docteur Ananie alimwambia Kasonia, "na imeshuka pahali kisu hakifiki. Kuna dawa mupya, lakini inafaa aina moja tu ya uvimbe. Ile kipande ingetuonyesha kama yake ni hiyo. Iko wapi?"

"Niliizika."

"Ndani ya chupa yake, na yale maji ya kuizuia isioze?"

"Hapana. Mu kitambaa."

Daktari alivuta kiti, akaketi. "Na mimi nilikosa, Papa. Siku ile ningekaa na wewe, nikueleze polepole. Nilikuwa na haraka."

Waliporudi Beni, Kasonia alichukua jembe hata hivyo. Adèle alimkuta chini ya mikakao akipekua udongo kwa vidole, hajapata hata uzi. Alipiga magoti, akamshika mikono.

"Acha. Twende ndani, anakuita."

Shalom alifariki mwezi wa tisa, mikononi mwa mama yake. Majirani walisema ni mapenzi ya Mungu, na Kasonia akaitika. Hakuna ajuaye kama ile dawa ingemfaa. Daktari mwenyewe hakuahidi. Ni huko kutojua kunakomla. Siku nyingine, wakipasua kakao, panga lake husimama ghafla.

"Adèle, siku ile ungesema kwa nguvu kidogo, ningesikia?"

Adèle hajui kudanganya. "Hapana," humwambia. "Haungesikia."