Kidole cha Abshiro Nunow

Tangu mitamba kumi na mmoja wapakiwe kwenye lori na wasirudi, Abshiro Nunow hakushika tena kitambulisho chake mwenyewe. Kilikaa katika mfuko wa shati la mwanawe Kadar, pamoja na laini yake ya simu.

Abshiro alikuwa na miaka sabini na miwili, mjane, mkazi wa Galbet katika mji wa Garissa. Ng'ombe wake walikuwa mbali, upande wa Sangailu huko Ijara, mikononi mwa mchungaji mmoja aitwaye Golicha, aliyekuja kutoka Wajir akiwa kijana na kukaa naye miaka kumi na tisa. Kabla ya ukame wa mwaka uliopita, Abshiro ndiye aliyeamua ng'ombe gani auzwe, nani achunge, na lini wahamishwe. Kisha akaja mwanamume mwenye shati safi na kadi shingoni. Alimwita hooyo, yaani mama, akamwombea dua marehemu mumewe, akasema kuna shamba lenye nyasi ambako mifugo ya wajane itatunzwa bure hadi mvua inyeshe. Abshiro akatia kidole kwenye karatasi. Mvua ilinyesha. Shamba halikuonekana, wala mtu, wala mitamba.

Kadar, ambaye ni karani ofisini, alilia siku ile. Baada ya kulia akakasirika, na hasira ikakaa.

"Hooyo, umri umekuchukua," alimwambia. "Hujui tena kumsoma mtu. Kuanzia leo mambo yote yapitie kwangu."

Kulikuwa na jambo ambalo Abshiro hakuwa amemwambia mtu yeyote. Wakati yule mwanamume alipokuwa akifunga mlango wa lori, tumbo la Abshiro lilikuwa limejikaza kama ngozi inayokauka juani. Alilisikia. Akalinyamazisha, maana mgeni alikuwa na adabu nzuri na ingekuwa aibu kumuuliza maswali.

Katika zahanati, alipokwenda kupimwa presha, alisikia wanawake wakizungumza juu ya msichana wa Wajir aliyekodi ukumbi mdogo kule kule Galbet. Anatafuta wazee wa zaidi ya miaka sitini na mitano, walisema, awafundishe ubongo wasidanganywe. Wanawake walicheka. Abshiro hakucheka. Aliuliza ukumbi uko wapi.

Msichana huyo aliitwa Qabale. Alikuwa mtafiti, mwenye sauti ya chini na kalamu mbili nyuma ya sikio. Alifunga mlango, akavuta pazia, akahakikisha hakuna mwanamume ndani, ndipo akamwomba Abshiro avue mtandio. Akampaka mafuta baridi kichwani na kumvika kofia yenye nyaya.

"Unanitia samli?" Abshiro aliuliza.

"Ni ya kusaidia kofia isikie ubongo, mama." Qabale alimwekea tableti mbele. "Tunajaribu kujua jambo moja. Mtu anapozeeka, huenda ile sehemu ya ubongo inayoleta habari kutoka tumboni na moyoni inanyamaza kidogo. Tabasamu linapita bila kuulizwa. Tunataka kuona kama inaweza kufundishwa kusema tena. Sina hakika. Ndiyo maana nawahitaji nyinyi."

Abshiro alipenda neno hilo, sina hakika. Watu wote waliomweleza mambo mwaka ule walikuwa na hakika kabisa.

Mchezo ulikuwa mwepesi. Sura inatokea. Unaamua: utampa mtu huyu ng'ombe akuchungie, au humpi? Kisha tableti inakuonyesha alichofanya. Pembeni palikuwa na mstari wa kijani ambao ungepanda kila mara mtu anapousikiliza mwili wake. Siku ya kwanza mstari ulilala chini kama mgonjwa. Kati ya ng'ombe thelathini, Abshiro alipoteza ishirini.

Akaivuta ile kofia akaiweka mezani.

"Hawa ni watu gani?" alisema. "Sijawahi kuuziwa hata kuku na mtu mwenye macho ya buluu. Nitajuaje anachoficha?"

"Programu ilitoka nje hivyo, mama."

"Basi ilikuja kunipima ujinga wa watu wa kwao, siyo wangu. Mimi sirudi hapa kuangalia hao. Lete watu wa huku."

Qabale alieleza juu ya kibali, juu ya wakubwa zake, juu ya muda. Abshiro alimsikiliza hadi mwisho.

"Jumatano ni siku ya soko la mifugo," alisema. "Njoo na simu yako."

Jumatano wakaenda. Abshiro alimsimamisha mbuzi mmoja jike, mwenye jicho moja lililoingia ukungu, mbele ya madalali na wauzaji. Kila mmoja aliombwa amweleze mbuzi huyo mara mbili mbele ya simu ya Qabale: mara moja kwa ukweli, mara moja kwa uongo. Soko zima lilikusanyika. Dalali mmoja mnene alisimama akaweka mkono kifuani.

"Wallahi mimi kudanganya sijui," alisema, na watu wakacheka hadi mbuzi akaogopa akakata kamba.

Walipata watu arobaini na wawili. Qabale alituma barua kwa wakubwa zake, akangoja, akajibiwa ndiyo. Ndipo mazoezi yakaanza upya.

Kwa wiki saba Abshiro alikwenda ukumbini mara tatu kwa wiki. Alijifunza kutojibu haraka. Aliangalia sura, akasikia sauti, kisha akashuka ndani yake kutazama: koo, kifua, tumbo. Mstari wa kijani ukaanza kunyanyuka kidogo kidogo. Siku nyingine ulikataa kabisa, naye alirudi nyumbani amekasirika, hataki chai. Aligundua pia jambo ambalo hakulipenda. Kulikuwa na mzee mwenye mdomo uliopasuka, ambaye Abshiro alimnyima ng'ombe kila alipotokea, hata aliposema kweli.

"Huyo nimemwonea," alisema.

"Tumbo lilisema nini?"

"Tumbo halikusema kitu. Ni macho yangu tu hayakumpenda."

Qabale akaandika hilo kwenye daftari lake, akalipigia mstari.

Kadar aliposikia mama yake anavaa nyaya kichwani, alikuja nyumbani bila kuvua viatu mlangoni.

"Watu msikitini wananiuliza kama hooyo amekuwa mgonjwa wa akili."

"Waambie nasoma."

"Unasoma nini katika umri huu? Mimi nipo. Nitaamua kwa niaba yako."

"Ulipokuwa na miaka saba ulianguka kutoka juu ya ngamia," Abshiro alisema. "Sikukukataza kupanda tena. Nilikushika mguu, nikakurudisha juu."

Kadar aliondoka. Lakini Alhamisi iliyofuata alirudi alasiri, na safari hii hakuja peke yake. Alikuja na mwanamume aitwaye Abdimalik, mtanashati, mwenye ndevu zilizochanwa vizuri. Alikuwa na kampuni yake ndogo ya kusimamia mifugo, Kadar alieleza. Golicha ataondolewa. Ng'ombe wote watahamia chini ya Abdimalik, na mama atakuwa akiletewa maziwa na habari nyumbani bila kusumbuka. Karatasi ilikuwa tayari. Kidau cha wino kilikuwa tayari.

Abdimalik alisalimu vizuri. Aliuliza afya yake, akauliza jamaa zake wa Ijara kwa majina yao. Abshiro alimimina chai, akakaa, akatulia.

"Wewe umewahi kupoteza ng'ombe?" alimuuliza.

"Mimi, hooyo? Hapana, alhamdulillahi. Hata mmoja."

Hapo akalisikia lile jambo la tumboni. Lilikuwa dogo, chini ya kifua, mahali pale pale. Hakulinyamazisha. Hakulikimbilia pia. Aliliacha likae huku akinywa chai.

"Katika ukame wa juzi, hata mmoja?"

"Mipango mizuri tu, hooyo."

"Haye. Karatasi iache hapa. Nitasomewa na mtu mwingine. Rudi baada ya siku nne."

Abdimalik alitabasamu akamtazama Kadar. "Shida ni kwamba lori linaondoka kesho asubuhi. Baada ya hapo nafasi inakwenda kwa mwingine."

"Mpe huyo mwingine," Abshiro alisema.

Kadar alikuwa amekwisha fungua kidau cha wino. Alikisogeza karibu na mama yake. "Hooyo, tafadhali. Usiniaibishe. Ni kidole tu."

"Ni kidole changu." Abshiro alikunja ngumi akaiweka mapajani. "Sikitii."

"Una ushahidi gani kwamba huyu ni mwizi?"

"Sina. Sikusema ni mwizi. Pengine ni mtu mwema, Mungu anajua. Nimeuliza swali, jibu halikunikalia vizuri. Nimeomba siku nne, nimenyimwa. Hiyo inanitosha. Sihitaji awe mwizi ndipo nikatae."

Abdimalik alisimama, akashukuru kwa chai, akatoka. Kadar alibaki ameshika karatasi, uso umemwiva.

"Hiyo mashine imekuharibu," alisema.

"Mwaka jana niliamini haraka, ukasema nimezeeka. Leo nimekataa, unasema nimeharibika. Niambie, mwanangu, nifanye lipi ndipo uone nina akili? Nitii tu?" Alinyoosha mkono. "Kitambulisho changu."

"Hooyo..."

"Kesho saa mbili nitakuwa kwa chifu. Nitasema kitambulisho changu kimechukuliwa. Nikiulizwa na nani, nitataja jina, na jina la baba yake."

Kadar akatia mkono mfukoni, akakiweka kitambulisho mezani pamoja na laini ya simu.

"Mimi niliogopa tu," alisema. "Niliogopa ubaki bila kitu."

"Najua. Hata mimi niliogopa. Lakini nilikuwa nimebaki bila kitu tangu siku uliponyamazisha mdomo wangu."

Abshiro hakuishia hapo. Kama maswali yalikuwa ya Abdimalik, yalikuwa ya Golicha pia. Jumapili alipanda gari lililokuwa likipeleka unga Ijara, akafika Sangailu siku ya pili, vumbi hadi kwenye kope. Golicha alimkuta tayari bomani, Abshiro akiwahesabu ng'ombe kwa majina. Palikuwa na pengo.

"Yuko wapi yule mwekundu mwenye pembe iliyopinda?"

Golicha aliinamisha kichwa. Abshiro alingoja. Tumbo lilijikaza, naye akaendelea kungoja.

"Nilimuuza," Golicha alisema. "Mke wangu alishikwa na uchungu siku mbili, mtoto hatoki. Nilitafuta simu yako, haikushika. Nilipiga tena na tena. Nikamuuza, nikalipa gari hadi hospitali. Nimekusudia kukuambia kwa mdomo, siyo kwa mtu mwingine."

Abshiro alimtazama machoni. Alimuuliza jina la mnunuzi, siku, gari la nani, na mtoto yuko wapi. Kila jibu lilikuja bila pambo, mengine yakimuumiza msemaji. Kisha akasema apelekwe kumwona huyo mtoto.

Alikuwa msichana, mwenye nywele nyingi nyeusi, amelala kwenye ngozi ndani ya kibanda. Abshiro alimbeba.

"Umekosa," alimwambia Golicha. "Ungemtuma hata mtu kwa miguu. Katika ndama wa ujira wako mwaka huu, wawili watakuwa wangu. Na ng'ombe utaendelea kuwachunga wewe."

"Kadar amekubali?"

"Ng'ombe ni wa nani?"

Golicha alikwenda kufungua boma, maana jua lilikuwa limepanda na ng'ombe walikuwa wakilia njaa. Abshiro alimrudisha mtoto kwa mama yake, akaokota fimbo, akatoka nyuma ya ng'ombe.