Hatua ya Kunipisha

Dada yangu akishapiga, hakai. Ndivyo watu walivyomjua ulingoni, na waandishi wa magazeti waliisifu tabia hiyo wakaiita akili ya ngumi. Mimi najua ilikotoka, kwa sababu aliyekuwa akipishwa ni mimi.

Kabla ya ngumi tulicheza mpira wa meza, wawili wawili, katika kantini ya kiwanda cha mablanketi ambako Baba alikuwa mlinzi wa geti. Mkicheza wawili wawili, mtu haruhusiwi kupiga mara mbili mfululizo. Ukishapiga wewe, mpira unaofuata ni wa mwenzako, na meza ni ndogo, kwa hiyo lazima utoke upesi mwenzako aingie. Dada alikuwa akipiga anateleza hatua moja nyuma, kushoto, nami nachomoka kulia kwake naingia. Hatukuwa tunaambiana. Tulianza tukiwa bado tunapanda juu ya kreti za soda ili tuifikie meza, na tulipokua watu wakatuita Mapacha, ingawa yeye kanitangulia kuzaliwa, kanizidi kimo, na maneno pia. Vikombe vya mashindano ya viwanda vilijaa juu ya kabati mpaka Mama akalalamika kwamba vyote hivyo hakuna hata kimoja cha kunywea chai.

Mimi niliishia darasa la saba, nikapata kazi kwa dobi, ya kupiga pasi. Dada aliajiriwa pale pale kiwandani, kufunga mablanketi. Jioni tulikutana kantini. Upande wa pili wa ukumbi mabondia walikuwa wakifanya mazoezi, nao walituita wapiga mayai kwa ajili ya ule mpira wetu mweupe. Siku moja bondia wao wa kike alikosa mtu wa kujipima naye, na Kocha wao akauliza kwa mzaha kama miongoni mwa wapiga mayai yupo mwenye roho. Dada akalaza raketi mezani, akaniambia nimsubiri kidogo, anakuja.

Nilimsubiri miaka miwili.

Simlaumu. Jicho lililozoea mpira unaorudi kabla hujapepesa, ngumi ya mtu huiona ikija polepole kama mgeni mwenye mizigo. Alikuwa anapiga, na aliyepigwa akirudisha anakuta hewa. Akashinda pambano la kwanza, akashinda la pili, akaendelea hivyo hivyo mpaka mwenye duka la mtaani kwetu akabandika picha yake ukutani, karibu na bei ya sukari. Mimi nikawa nakunja upande mmoja wa meza unasimama kama ukuta, nacheza na huo ukuta. Ukuta haukosei, ila hauna mazungumzo. Kila pambano lilipokwisha Dada aliniahidi kwamba bado moja tu, halafu tunarudi kwenye mashindano ya viwanda, na nisimpe mtu nafasi yake. Sikumpa mtu. Walikuja wasichana kuniomba, wazuri tu, nikawaambia nina mwenzangu.

Halafu akakutana na Fundi. Huyo alikuwa mwanamke wa gereji, mfupi, mabega kama mlango. Raundi ya tatu Dada alipiga mkono wa kulia, safi kabisa, akateleza hatua yake nyuma, kushoto, na ngumi ya Fundi ikawa imeshafika pale kabla yake. Nilikuwa nimekaa viti vya mbele. Taya lilipovunjika nilisikia.

Tukaishi na mrija. Mama alimsagia kila kitu, huku amemnunia, akaweza yote mawili kwa pamoja bila shida. Daktari alikuwa amesema mfupa utaunga, lakini ukivunjika hapo tena yeye hana la kuahidi, iwe kutafuna au kusema sawasawa. Mama akamwambia basi, aache, amewafurahisha watu vya kutosha. Baba, ambaye mambo yakiwa mazito hujificha kwenye redio, akaongeza sauti ya redio. Dada hakuweza kufungua mdomo, meno yamefungwa waya, lakini alinitazama akainua kidole kimoja. Pambano moja tu. Nilimwelewa, nikajichukia kwa jinsi nilivyofurahi, maana baada ya hilo moja nilikuwepo mimi.

Kocha alinifuata kazini. Akasimama katikati ya mashati ya watu akanionyesha kwenye simu lile pambano, akasema amelitazama mpaka macho yanamwasha. Haijalishi Dada kapiga ngumi gani, anakwenda pale pale. Ukimkataza anaitikia sawa Kocha, na mguu unakwenda. Watu wa Fundi wamekwisha kumjua, na sasa atajulikana na kila mtu. Akaniuliza kama aliwahi kuumia mguu utotoni.

Nikaisimamisha pasi. "Hajaumia. Ananipisha."

"Anakupisha wewe?"

"Akishapiga yeye, zamu inakuwa yangu."

Kocha aliangalia tena kidogo, akazima simu. Si mtu wa maneno laini, lakini alishusha sauti kama aliyeingia chumbani kwa watu bila kubisha hodi. Kisha akasema kama ni hivyo, wa kuitoa hiyo hatua ni mimi.

Taya lilipopona tukaanza. Kocha alisimama mbele ya Dada na padi za kupokea ngumi mikononi. Mimi akanisimamisha nyuma, kushoto, pale pale anapokuja, nimevaa glovu kubwa ya mazoezi. Kazi yangu ilikuwa moja: Dada akipiga akaja kwangu, nimpige.

Mara za kwanza nilimgusa tu. Dada akageuka.

"Unafanya nini?"

"Nakupiga."

"Unanifuta vumbi. Fundi hatanifuta vumbi."

Mabondia wakacheka, mmoja akasema mpiga mayai anaogopa kuvunja. Dada alipokuja tena nikampiga kweli, sikioni, mpaka kofia yake ya kinga ikakaa upande. Akairudisha sawa, akasema hivyo ndivyo, tena.

Ikawa ndiyo jioni zetu. Mchana kazini nikaunguza kola ya bwana mmoja, na dobi akaniuliza kama napiga pasi au nagombana nayo. Mwanzoni Dada alikuja kila alipopiga. Baadaye akawa anaanza kuja halafu anajizuia, kama mtu aliyekumbuka kwamba mlango ule siku hizi unafungwa. Nami nikisimama pale na glovu yangu niliomba mambo mawili yasiyokaa pamoja, kwamba asije, na kwamba aje.

Siku ya marudiano sikuangalia ngumi hata moja. Niliangalia miguu. Kwa raundi mbili miguu ilikaa vizuri, na raundi ya tatu Dada akatupa mkono wa kulia na miguu ikabaki pale ilipokuwa, kama imepigiliwa misumari. Fundi alikuwa ameshatupa ngumi yake kule kushoto, kwa mazoea, akakuta hakuna mtu, mwili wake wote ukawa wazi. Dada akapiga tena. Mara mbili mfululizo. Fundi akakaa chini kama aliyechoka kungoja, na hakuinuka mpaka mwamuzi alipomaliza kuhesabu.

Ukumbi ukalipuka. Mama, aliyeapa hatakuja na alikuwa amekaa pembeni yangu tangu mwanzo, akanikumbatia akilia kwamba mtoto wake yu mzima. Alinifuta na mimi machozi kwa khanga yake, akidhani ni yale yale.

Dada ni mtu wa ahadi. Wiki iliyofuata, uso bado haujakaa sawa, alikuja kantini na raketi yake, ameifuta mpaka inang'aa. Akaniuliza kama nilidhani ametania. Mhasibu wa kiwanda na dereva mmoja wa lori wakakubali kucheza nasi. Nilikuwa na furaha mpaka viganja vikaloa.

Dada akapiga. Nikaingia, nikamgonga mgongoni. Tukacheka wote wanne. Akapiga tena, nikamgonga tena, na safari hii walicheka wale wawili. Nikamwambia, taratibu, "Nipishe." Jambo ambalo sikuwahi kumwambia maishani. Akaitikia kwa kichwa, na alipopiga akatoka, lakini kwanza alifikiri, na wakati anafikiri mpira ulikuwa umekwisha pita.

Mpira uliofuata nilijua hatatoka, kwa hiyo mimi ndiye nikapita kushoto kwake.

Aligeuka kabla sijamwona akigeuka. Ngumi yake ilisimama karibu na jicho langu, karibu kiasi kwamba sikuona vidole, niliona giza tu. Raketi yake ilikuwa chini sakafuni. Dereva aliyekuwa anacheka akaacha katikati.

Dada akaushusha mkono polepole kama kitu cha mtu mwingine.

"Samahani, mdogo wangu," akasema. "Nilidhani ni mtu."

Nikamwambia hakuna neno. Nikaiokota raketi, nikampa, tukaendelea, kwa sababu wenzetu walikuwa wamesimama wanatungoja na tumelelewa vizuri. Akawa anapiga halafu anakimbia mbali mno, mpaka ukutani, asije akaniumiza. Mimi nangoja kwanza niwe na hakika ameondoka. Kila mmoja alimwachia mwenzake meza nzima, na mpira ukawa unapita katikati yetu, mmoja baada ya mwingine, na mhasibu anahesabu pointi kwa sauti ya chini, zote zao, kama mtu anayeomba radhi.