Hasna Binti wa Nani

Alasiri ile ya Ijumaa Hasna alikuwa ameketi kitandani, hina imekauka miguuni, moshi wa udi umemlegeza, hayuko macho wala hajalala. Mwanga wa ziwa uliingia dirishani ukacheza darini. Akaufuata kwa macho mpaka akahisi kitanda kinayumba, maji yanagonga ubavuni, na shavu lake limelalia mgongo wa mwanamke uliolowa. Mgongo tu. Uso hakuwahi kuuona hata siku moja.

Ujiji nzima iliijua habari hiyo, maana Ujiji ukikohoa asubuhi, adhuhuri unapewa pole na usiyemjua. Mwaka wa sabini na mbili boti ya wakimbizi ilitoka Burundi, mwanamke mmoja akashuka, akajilaza mchangani kati ya dagaa walioanikwa, asiamke tena. Mgongoni alikuwa na mtoto. Bi Safina, aliyekuwa amezika kichanga chake wiki hiyohiyo na maziwa bado yanamtoka, hakuomba ruhusa ya mtu. Alimfungua yule mtoto akamnyonyesha palepale. Mumewe, Mzee Faridi mfuma nyavu, akampa jina. Kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na hawa walilea kwelikweli.

Sasa ilikuwa tisini na tatu, na wakimbizi walikuwa wakishuka tena. Hasna aliwapelekea uji ufukweni, akizitazama nyuso zao moja moja, akitafuta pua yake. Bibi mmoja alimshika mkono akamsemesha Kirundi kirefu. Kwa Kiha chake cha sokoni, lugha jirani ya Kirundi, Hasna aliambulia nusu tu, akaona haya kama mtu aliyeiba.

Kisha juzi akaja Sheikh Kudra kupanga ndoa.

"Mzee Faridi," alisema, "maziwa yamemfanya dada wa wanao. Lakini uwalii, haki ya kumwoza, hauji kwa maziwa. Baba yake hajulikani, basi walii wake ni mimi, sheikh wa mji, na atatajwa Hasna binti Abdallah. Sote ni waja wa Mungu, ndiyo maana ya Abdallah."

"Sheria ni sheria," alijibu Mzee Faridi, akatoka kwenda kushona wavu ambao haukuwa umechanika.

Iliuma, asikudanganye mtu. Miaka ishirini na moja umeitwa Hasna wa Faridi, halafu siku ya siku uozwe kwa jina la baba ambaye hakuna aliyewahi kumwamkia!

Mlango wa chumba ukagongwa, Hasna akazinduka kitandani. Sheikh Kudra alisimama nyuma ya pazia pamoja na mashahidi wawili.

"Hasna, unaniruhusu nikuoze kwa Luqman?"

"Nyamaza tu, mwanangu," Bi Safina alinong'ona. "Kimya cha mwari ndiyo ridhaa yake."

Hasna hakunyamaza. "Shikamoo, Sheikh. Nakuruhusu. Ila nakuomba umweke Baba awe wakili wako. Aniozeshe yeye."

Mashangazi waliomzunguka wakashika midomo. Sheikh akafikiri, akakohoa.

"Walii anaweza kuweka wakili. Lakini alitaje jina nililosema. Akikosea, nitamrudisha."

Sheikh akarudi barazani kwa wanaume. Kutoka huko, sauti ya Mzee Faridi ikapenya ukuta. "Luqman, nakuoza Hasna binti Faridi..."

"Mzee, rudia."

"Luqman, nakuoza Hasna, binti yangu..."

Watu wakacheka chinichini. "Abdallah, Mzee," Sheikh alisema kwa upole. "Binti Abdallah."

Hasna akasikia mawimbi yakipiga ufukweni. Mara ya tatu mzee alisema sawasawa, neno kwa neno, na sauti ikamkatika kabla hajafika kwenye mahari. Luqman akakubali haraka, amwokoe mkwewe.

Vigelegele vikalipuka. Bi Safina akatikisa kichwa, machozi yanamchuruzika.

"Baba yako huyu! Hata jina moja tu linamshinda?"

"Mwache, Mama," Hasna alisema, akilia na kucheka pamoja. "Mwache akosee."